Nani Atakamua Tukiondoka

Alhamisi ya kwanza ya mwezi wa Agosti, 1968. Mvua imenyesha tangu usiku, si ya kishindo, ni ile ndogo ya baridi inayotoka upande wa Burnt Forest na kukaa kutwa. Hivyo ndivyo nilivyoandika kwenye daftari langu wakati huo, na chini yake nikaongeza: ng'ombe amekataa. Sikuandika zaidi. Nilisoma mpaka darasa la sita tu, na nilikuwa mtu wa kuandika mstari mmoja halafu kuogopa kwamba nimeuandika vibaya. Kwa hiyo haya mengine nayatoa kichwani, na pale ambapo sina hakika nitasema.

Asubuhi hiyo nilikaa kwenye kigoda, ndoo katikati ya magoti. Niliosha kiwele kwa maji ya moto, nikapaka chuchu mafuta, nikaanza kuvuta kama siku zote. Yalitoka matone ya kulowesha ndoo tu, basi. Kiwele kilikuwa kimejaa na kigumu, kwa hiyo maziwa yalikuwepo. Nilimbembeleza, nikahamia upande wa pili, nikajaribu tena. Ng'ombe aligeuza shingo akatazama kibanda cha ndama, akalia mlio mrefu ambao sikuwa nimewahi kuusikia kwake.

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni pa banda, gunia kichwani kwa ajili ya mvua. Aliniambia kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake, kwamba nimesahau kumleta ndama.

Hapo nilijua kilichotokea, na nilijua pia kwamba huenda safari yetu imekwisha kabla ya kuanza.

Nieleze vizuri, maana mtu anaweza kushangaa ng'ombe mmoja anawezaje kuzuia watu kwenda Ulaya. Mume wangu alikuwa akifanya kazi wodini katika hospitali ya misheni kule Plateau. Mwaka uliotangulia alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea uuguzi, masomo ya miaka mitatu. Alipomaliza mwaka wa kwanza akapata vyumba viwili vya kupanga, akasema sasa tumfuate, mimi na watoto. Tulikuwa na msichana wa miaka sita na kijana wa miaka miwili. Huyu mdogo alimjua baba yake kwa picha tu, na mwanamume yeyote aliyevaa kofia barabarani alimwita baba. Wengine waliitika kwa mzaha. Mimi sikucheka sana. Tiketi za ndege zilikuwa tayari, za mwisho wa mwezi huo.

Lakini tulikuwa na shamba. Mzungu mmoja aliuza shamba lake kubwa alipoondoka, na sisi watu wa Nyeri na Murang'a tukalinunua kwa kikundi, tukagawana vipande kwa kura. Kikundi kilikuwa na sheria kwamba kila kipande kiwe na mtu wa nyumba hiyo anayelala hapo. Si kibarua, mtu wa nyumba. Na deni la kipande lilikatwa kwenye maziwa, ambayo lori lilikuja kuyachukua barabarani kila asubuhi. Kwa hiyo ng'ombe ndiye aliyekuwa akitulipia shamba. Mume wangu aliliweka wazi kabisa jambo hilo. Mama akiweza ng'ombe, njooni. Asipoweza, wewe na watoto mkae mpaka nimalize. Kumaliza kulikuwa miaka miwili mbele.

Basi mama yake akatoka Nyeri mwezi wa Juni kuja kujifunza. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mikono mirefu, na hakuwa mtu wa maneno mengi mpaka umchokoze. Msichana wetu alipewa jina lake, kama ilivyo desturi yetu, na kwa sababu hiyo mama mkwe aliniita mimi mama yake, kwa kuwa nilimzaa mara ya pili. "Mama, nipe chumvi," alikuwa akiniambia, mwanamke wa miaka sitini, na watoto walikuwa wakicheka mpaka wadondoshe vijiko.

Siku hizo nyumba yetu ilikuwa kama mahali pa mazoezi. Jioni watoto walivaa viatu vipya na kutembea ndani ya nyumba, kutoka meza mpaka kitanda, ili miguu izoee. Kijana alitembea kama bata kwenye matope. Msichana alijifunza kusema asante na tafadhali kwa Kiingereza, akawa anawaambia kuku tafadhali waondoke. Tulikuwa tumekwenda mjini, ambako majirani zetu Wanandi mpaka leo wanapaita Sisibo, fundi Mhindi akatushonea makoti mazito. Nilipomjaribishia msichana koti lake, mama alikishika kitambaa, akatazama nje kwenye ukungu, akasema, "Kama baridi ya huko ni kama hii ya hapa, basi nyinyi mmeshafika." Sijui kama alitaka kutuchekesha. Nilicheka, lakini usiku nilifikiria kwamba labda alikuwa akituambia tusiende.

Sasa habari ya ndama. Yule ng'ombe alikuwa wa gredi, yaani wa damu ya kizungu, wa rangi nyekundu na madoa meupe, na tulimnunua kwa huyo huyo mzungu. Kwa wazungu ndama huondolewa kwa mama yake siku anayozaliwa. Hanyonyi kamwe. Anapewa maziwa kwenye ndoo, unamtumbukizia vidole ajifunze kunywa. Ng'ombe asiyemjua ndama hamtafuti, anaachilia maziwa kwa mkono wa mtu, na yote yanaingia ndooni. Lakini akimwonja ndama mara moja, anaanza kuyazuia mpaka amwone. Mimi nilifundishwa hivyo na jirani yetu Mnandi, ambaye mume wake aliwahi kuwa mkamuaji wa mzungu na baadaye akanunua kipande chake upande wa mtoni.

Nitasema upande wa mama kwanza, maana yeye hayupo tena wa kujitetea. Kwao, na kwetu pia nilipokuwa mtoto, hakuna aliyekamua ng'ombe bila ndama. Ndama ananyonya kidogo, maziwa yanashuka, unamvuta kando, unakamua, unambakizia fungu lake. Hiyo ndiyo adabu ya kukamua. Mimi nilimfundisha mama jinsi ya kushika chuchu za ng'ombe mkubwa, nikamwonyesha maji ya moto na mafuta na namna ya kuosha mkebe wa kupelekea maziwa barabarani. Nilimwambia ndama hukaa mbali. Sikumwambia kwa nini. Nadhani nilifikiri ataona mwenyewe, au labda niliona haya kumfundisha mtu mzima kama mtoto wa shule. Sina hakika ni lipi.

Siku tatu kabla ya Alhamisi hiyo nilikuwa nimekwenda mjini na watoto kudungwa chanjo ya safari, na kijana akapata homa, tukalala kwa binamu yangu. Mama alibaki peke yake na ng'ombe. Ng'ombe hakumzoea vizuri, akawa anatoa kidogo kidogo. Na ndama alikuwa akilia kibandani. Mama akamhurumia, akamfungulia. Maziwa yakashuka kama mvua, ndoo ikajaa. Tuliporudi alinionyesha mkebe umejaa mpaka shingoni, uso wake unang'aa, nami nikafurahi sana, nikasema sasa tumeshafika. Sikumuuliza amefanyaje. Niliendelea kumwachia ng'ombe asubuhi na jioni, nikaenda kushona vifungo, mpaka hiyo Alhamisi nilipotaka kukamua mwenyewe.

Sasa turudi pale bandani. Nilisimama na ndoo yangu tupu, na sikuchagua maneno.

"Mama, umemharibu ng'ombe."

Alitoa gunia kichwani, akalikung'uta maji.

"Nimemharibu kwa kumpa mtoto titi la mama yake?"

Nilikuwa na maelezo, ya mzungu na ya ndoo na ya vidole, nikayatoa yote pale pale, haraka haraka. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema kama angeambiwa hivyo mwezi wa Juni asingefanya. Ilikuwa kweli, na kweli hiyo iliniuma zaidi kuliko kama angenigombeza.

Tulikubaliana tujaribu kumsahaulisha. Ndama tulimpeleka mbali, nyuma ya jiko, na ng'ombe tukamweka bandani. Alilia kutwa. Jioni nilipata kikombe kimoja. Ijumaa asubuhi sikupata hata hicho, na kiwele kilikuwa moto nilipokigusa, nikaogopa ugonjwa. Alipoona ndoo, alirusha teke. Mimi, ambaye alinijua tangu tumnunue.

Barabarani asubuhi hiyo mkebe wetu ulisimama kati ya mikebe ya majirani. Turnboi wa lori, yule mpakiaji, aliuinua kwa mikono miwili kama kawaida, ukamrukia juu kwa wepesi, akakaribia kuanguka. Akaufungua akachungulia ndani. "Mama, leo tunabeba hewa?" Wanawake waliokuwa pale walicheka, na sitawalaumu, hata mimi ningecheka kama ungekuwa mkebe wa mtu mwingine. Mama alikuwa kando yangu. Hakucheka, hakukasirika. Aliuchukua mkebe akaubeba yeye mpaka nyumbani, ingawa ilikuwa zamu yangu.

Usiku wa Ijumaa nilijaribu kutunga kichwani barua ya kumwambia mume wangu kwamba tunabaki. Nilikuwa nimefika kwenye maneno ya salamu, nikakwama. Kijana alikuwa amelala na kiatu kimoja mguuni. Nilijiambia miaka miwili si mingi. Kisha nikahesabu umri atakaokuwa nao, nikaona ni mingi sana kwake, ni maisha yake yote mara ya pili.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana nilikwenda mtoni kwa yule jirani. Mvua ilikuwa imepungua lakini njia ilikuwa utelezi mtupu. Nilimkuta akipepeta wimbi barazani. Nilimweleza yote, na kabla sijamaliza alikuwa amecheka mpaka ungo ukatikisika.

"Sasa hata ng'ombe amepata uhuru," alisema. "Wewe unamwambia arudi kwa mzungu. Atakubali?"

Nilimwambia sikuja kuchekwa, nina safari. Akaacha kucheka, akanipisha niketi. Alisema inawezekana kumlazimisha, mume wake aliwahi kuona wakifanya hivyo, lakini ng'ombe wengine hukauka kabisa kabla hawajasahau, na mimi sikuwa na muda wa kungoja nione huyu ni wa aina gani. Nikamuuliza kwake wanakamuaje. Akasema kwake ng'ombe ni wa kienyeji na ndama yuko kando, tangu bibi yake. Maziwa ya mkebe yanapungua kwa sababu ndama ana fungu lake, lakini nyumba inakunywa na ng'ombe ametulia.

"Nani atabaki na yeye?" akaniuliza.

"Mama mkwe wangu."

"Sasa mbona unakuja kuniuliza mimi? Uliza yeye."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi. Tangu Juni nilikuwa nikimfundisha mama, nikimpima, nikimwangalia mikono. Mume wangu naye kutoka mbali alikuwa akiuliza kama mama ataweza. Hakuna kati yetu aliyemuuliza yeye angependa kuishi vipi na ng'ombe huyo siku ambayo sisi hatupo. Nisiwe mkali sana kwetu pia. Tulikuwa na deni na sheria za kikundi, na maziwa mengi ndiyo yaliyokuwa akilini. Lakini hatukumuuliza.

Nilirudi nikipanda kile kilima polepole, nikiyapanga maneno. Nilitaka kumuuliza kwa heshima, isiwe kama ninamsukuma akubali ili mimi nipate kuondoka. Maana nilitaka sana kuondoka, hilo sitalificha, na nilijua mtu anayetaka kitu huweza kuuliza swali ambalo lina jibu ndani yake.

Sikupata nafasi ya kuuliza. Nilipofika uani sikusikia ng'ombe akilia. Watoto walikuwa jikoni na mahindi ya kuchoma. Nilikwenda bandani nikamkuta mama ameshamleta ndama. Alimwacha anyonye kidogo kwanza, mpaka povu likamtoka mdomoni, kisha akamshika shingo na sikio akamvuta, akamfunga kwenye nguzo karibu na kichwa cha mama yake. Ng'ombe akaanza kumlamba mgongo. Akamlamba bila haraka, macho yamefumba nusu, na mama mkwe akaketi kwenye kigoda.

Aliniona lakini hakugeuka.

"Utaenda," alisema. "Nimeshaamua. Huyu ng'ombe ni mimi nitaishi na yeye, na nitamkamua vile najua."

"Na lori, Mama?"

"Lori litabeba yatakayobaki."

"Yasipotosha?"

Mikono yake ilikuwa bado imetulia juu ya magoti. "Hii ardhi inakubali kabichi, inakubali viazi. Nitapanda. Mimi nilikuja kulinda shamba, mama yangu. Sikuja kulinda mkebe."

Nilitaka kusema jambo kuhusu kamati, na kuhusu deni kuchukua muda mrefu zaidi. Nilitaka pia kumwambia samahani kwa lile neno la Alhamisi. Nilianza na la samahani, lakini akanikatiza, akasema ng'ombe ananusa wasiwasi.

"Anakuangalia wewe. Nenda ndani. Ukisimama hapo atakutafuta kila siku, na wewe hutakuwepo."

Nikaenda. Nilisimama nyuma ya ukuta wa jiko ambapo hawezi kuniona, na hapo nikasikia maziwa yakipiga ndoo, kwanza kwa sauti ya bati, halafu yakazidi kuwa mazito na sauti ikazama, kushoto, kulia, kushoto, kulia, haraka kuliko nilivyowahi kukamua mimi. Sikulia. Watu wengine wanapokumbuka mambo kama hayo husema walilia. Mimi nilipumua tu. Ilikuwa kama mtu amenishukisha mzigo wa kuni mgongoni na bado nilikuwa nimeinama.

Aliporudi ndani ndoo ilikuwa nusu na kidogo. Aliiweka mezani, akanitazama aone nitasemaje. Nikamwambia ni maziwa mazuri. Yalikuwa mazuri kweli. Alimwekea kijana kikombe, akamwambia anywe upesi, akifika kwa baba yake awe na nguvu za kumrukia shingoni. Kijana akauliza kama baba ana kofia. Mama akasema ana kofia, na bila kofia pia atamjua.

Mkebe wetu haukurudi kujaa kama zamani, sitadanganya. Jumatatu uliondoka chini ya nusu, na turnboi akauliza kama siku hizi tunanyonyesha kijiji. Mama akamjibu kwamba kama na yeye ana njaa aje na kikombe chake. Tangu siku hiyo aliushika mkebe wetu kwa adabu. Kamati ilinung'unika kuhusu deni, na kuna mjumbe mmoja aliyesema wazi kwamba ilikuwa makosa kumwachia mwanamke mzee shamba. Alikuwa na haki ya kuwa na wasiwasi, wengine walikuwa wameshindwa kulipa. Mama alimpeleka nyuma ya nyumba akamwonyesha alipokwisha kulima kwa jembe, mistari ya kabichi imenyooka kama kamba. Sijui walizungumza nini huko. Mjumbe alirudi amebeba miche.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jumamosi ile giza lilipoingia mvua ilikuwa imekatika kabisa, na ukiwa uani uliweza kuona taa za magari yaliyokuwa yakipanda kutoka mjini. Mama alikataa nipike. Alichemsha mahindi mabichi ya shambani kwetu, yale ya kwanza, pamoja na viazi na majani ya malenge, akaviponda kwa mwiko mpaka vikawa kijani, akaweka chumvi na kitunguu kilichokaangwa. Tulikula mukimo huo sote wanne kutoka sahani moja, kwa mikono, na baadaye tukanywa chai yenye maziwa mengi.